Kula kwenye mgahawa wa resoti ya ufukweni bila kushtuka bili ikija: hatua kwa hatua

Nimeandika hii kwa sababu nimechoka kujibu maswali yale yale. Mtu anaenda resoti ya baharini kwa mara ya kwanza, usiku wa manane ananitumia meseji: eti navaa nini, eti chakula si nshalipia kwenye chumba, eti kambakochi wanauzwaje, eti nikiletewa samaki mzima na kichwa chake nafanyaje mbele za watu. Basi yote nimeyamwaga hapa, soma kabla ya safari afu upitie tena ukiwa chumbani unavaa.

Utaona hatua nyingi ni za kuuliza tu. Usione aibu, wahudumu wanaulizwa hayo hayo kila siku na wakishatoka meza yako wameshasahau. Ambaye hasahau ni yule aliyeletewa bili asiyoielewa.

Vya kuwa navyo kabla hujatoka chumbani

- Karatasi au meseji ya buking yako, ile inayoonyesha umelipia nini
- Kadi au namba ya chumba, na jina lililotumika kuandikisha (kama kaandikisha mwenzio, jua kaandika jina gani)
- Kadi ya benki pamoja na noti ndogo ndogo za nchi ulipo
- Shali au koti jepesi, upepo wa bahari usiku unabadilika ghafla
- Dawa ya kujipaka ya mbu
- Dawa zako za mzio kama unao, ziwe mfukoni, ukiziacha chumbani ni sawa na huna
- Simu yenye chaji, menyu nyingi zinasomwa kwa mwanga wa mshumaa na utahitaji tochi

Hatua ya 1: Jua ulicholipia

Hapa ndo watu wengi wanaumia. Mipango ya chakula hotelini ni ya aina nne hivi. Kuna kitanda na kifungua kinywa, hapo mchana na usiku unajilipia mwenyewe. Kuna hafu bodi, yani kifungua kinywa na mlo mmoja mwingine, mara nyingi wa usiku. Fulu bodi ni milo yote mitatu. Afu kuna ile ya kila kitu ndani, ambayo watu wakishaisikia wanafunga akili kabisa.

Kwenye hafu bodi na fulu bodi vinywaji kwa kawaida havimo, na sehemu nyingine hata maji ya chupa hayamo. Kwenye ile ya kila kitu ndani, "kila kitu" mara nyingi maana yake ni mgahawa mkuu wa bufee na vinywaji vya kawaida. Ule mgahawa mdogo mzuri ulioko pembeni kabisa ya maji, wenye taa za njano na viti vya kamba, unaweza kuwa na malipo yake, au unaruhusiwa kula mara moja tu kwa kukaa kwako kote. Kambakochi, mvinyo wa chupa, pombe za bei kubwa na meza ya watu wawili mchangani karibu kila mahali ni nyongeza.

Kwa hiyo siku ya kwanza, resepsheni, uliza hivi hivi: "Mpango wangu unanipa kula kwenye migahawa ipi, na vinywaji gani vimo?" Sekunde kumi zimetosha.

Kama hulali hapo na unaenda kula tu, piga simu kwanza. Resoti nyingine hazipokei watu wa nje siku zikijaa, nyingine zinakutoza kiingilio getini. Ukiambiwa kuna kiingilio, uliza kama kinakatwa kwenye chakula, na kama kinakatwa itunze risiti ya getini, ukiipoteza hakuna atakayekuamini.

Hatua ya 2: Weka buking ya meza, na uangalie bahari kabla ya kusema saa

Usiseme "jioni". Sema saa. Kama unataka kuona jua likizama, tafuta kwenye simu jua linazama saa ngapi hapo ulipo na tarehe hiyo, afu fika kama dakika 40 kabla, maana likianza kushuka linashuka kweli.

Ila kwanza hakikisha ufukwe wenyewe unatazama magharibi! Watu wanachoka na hii. Ufukwe unaotazama mashariki jua linazama nyuma ya hoteli, juu ya paa la jiko, utapiga picha gani hapo. Usinune lakini, ufukwe wa mashariki una lake: siku ya mwezi mpevu, mwezi unachomoza kutoka baharini karibu na muda ule ule jua linapozama upande wa pili. Ukiotea siku hiyo utakaa mpaka mgahawa ufungwe.

La pili ni maji. Maji yanajaa na kupwa, mara mbili kila moja kwa siku sehemu nyingi, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Sasa kama meza yako iko mchangani, muulize anayepokea buking: saa hiyo maji yatakuwa wapi? Kwenye bamvu, yani karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda juu kuliko siku nyingine na yakipwa yanakimbia mbali. Unaweza kuweka buking ya "meza kando ya mawimbi" ukafika ukakuta tope na mwani hadi macho yanapoishia, au ukakaa vizuri halafu katikati ya supu unahisi miguu imelowa.

*Angalizo:* Kama mna mtoto mdogo, mtu wa kiti cha magurudumu au mzee mwenye fimbo, sema wakati wa buking, usisubiri ufike. Mchanga laini hauendeki kwa magurudumu.

Hatua ya 3: Nguo

Mchana vaa unavyotaka, mradi usiwe umelowa na usiwe na kaptula ya kuogelea peke yake kifua wazi, vaa kitu juu. Usiku inategemea. Resoti nyingi za kati zinataka tu uwe nadhifu, zile za juu wanaume wanatakiwa suruali ndefu na viatu vilivyofunika vidole. Uliza unapoweka buking na yameisha.

Dada zangu, visigino vyembamba acheni. Kwenye mchanga vinazama, kwenye sakafu ya mbao vinaingia katikati ya mbao na unabaki umesimama kama mlingoti huku weita amekushikia kiti. Na gauni jepesi la mpira kiunoni ni zuri mpaka upepo uje.

Hatua ya 4: Kuchagua pa kukaa

Subiri mlangoni uonyeshwe, usijipeleke. Lakini ukishaonyeshwa una haki ya kusema "samahani, tunaweza kukaa pale?" Angalia mambo haya upesi upesi: moshi wa jiko la mkaa unaelekea wapi, spika iko wapi, na ile taa kali iko juu ya meza ya nani, maana wadudu wote wa ufukweni watahamia hapo saa moja mbele. Mwali wa mshumaa utakuambia upepo unatoka wapi. Mimi hupenda meza ya safu ya pili, sio ile ya mbele kabisa. Bahari unaiona vile vile na kitambaa cha meza hakikupigi usoni.

Kama meza iko mchangani, itikise kabla ya kukaa. Mguu mmoja huwa unazama taratibu, afu ikifika saa ya vinywaji glasi zote zimeinama upande wa mwenzio. Mwambie weita aikalishe vizuri mapema.

Hatua ya 5: Kusoma menyu, na hasa pale pasipo na bei

Menyu inaanza na vianzio, inakuja chakula kikuu, inaisha na kitindamlo. Hulazimiki kuchukua vyote. Wawili mnaweza kugawana kianzio, hakuna atakayewacheka.

Sasa tuje kwenye penyewe. Utakuta kwenye kambakochi, kaa, kamba wakubwa na samaki mzima pameandikwa "bei ya siku" au "kwa uzito" au gramu 100 kwa kiasi fulani. Niliwahi kukaa kwenye mgahawa mmoja, sitautaja, nikaona namba ndogo hivi pembeni ya kambakochi nikajiambia mbona rahisi. Sikuvaa miwani. Ile namba ilikuwa ya gramu 100. Weita akaja na sinia, kambakochi wawili wazima wanatikisa ndevu, akaniambia chagua bosi, na mimi kwa sifa za mbele ya wakwe nikanyoosha kidole kwa yule mkubwa. Bili ilipofika nilidhani wameniletea ya meza ya jirani. Kambakochi mmoja alikuwa amezidi chumba tulicholala. Nililipa, nikatabasamu, nikala mikate ya kifungua kinywa siku mbili zilizofuata.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Uliza bei ni ya gramu 100 au ya kilo. Kambakochi wa gramu 800, kama bei ni ya gramu 100, zidisha mara nane. Fanya hesabu kwenye simu pale pale, hakuna ubaya.
2. Uliza uzito unapimwa kabla ya kupikwa au baada. Mara nyingi ni kabla, na mzima, na ganda lake na kichwa chake. Yani unalipia ganda, na ganda ni sehemu kubwa ya uzito wenyewe.
3. Omba apimwe ukiona. Mgahawa ulionyooka utaleta mzani au utakuita kwenye barafu uangalie.
4. Uliza bei hiyo inakuja na nini. Wali, viazi, mboga, vinaweza kuwa vimo au vikawa vya pembeni na vya kulipia.
5. Sema namba kwa sauti: "Kwa hiyo huyu jumla itakuwa kiasi fulani, sivyo?" Akisema ndiyo, mmeelewana, na mwenzio mezani ni shahidi.

Kingine, weita akija na orodha ya vyakula maalum vya siku kichwani mwake na kuvisema kama shairi, havina bei kwenye menyu hivyo. Uliza kila kimoja. Na kile kikapu cha mkate na vijizeituni alivyoweka hujaomba? Kuna sehemu ni bure, kuna sehemu kinaingia kwenye bili ukikigusa.

Hatua ya 6: Chagua kilicho salama

Swali moja linatosha: "Leo kimeletwa nini?" Akijibu haraka na kwa jina, vizuri. Akisema "vyote fresh bosi", rudia swali. Kilichogandishwa sio kibaya, samaki aliyegandishwa vizuri boti ikiwa baharini anaweza kumzidi aliyelala siku tatu kwenye barafu iliyoyeyuka, ila bei isiwe ya aliyevuliwa asubuhi.

Ukiruhusiwa kumwona samaki mzima, angalia macho yawe yanang'aa na yamejaa, sio meupe yaliyodidimia. Matamvua yawe mekundu. Ukimbonyeza nyama irudi. Anuke bahari, asinuke samaki, utaelewa ukifika hapo.

Kwenye bufee, cha moto kiwe cha moto kinachofuka, yani zaidi ya nyuzi 60, cha baridi kiwe juu ya barafu kweli. Chakula kinachoharibika upesi kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Ile saladi ya kamba wenye mayonezi iliyokaa juani tangu saa sita, iache, hata kama ina maua. Fika bufee ikifunguliwa, usifike inapofungwa.

Chaza wabichi ni watamu lakini ukiwa mjamzito, una tatizo la ini au kinga yako ya mwili iko chini, usiguse, bakteria walioko humo wanaweza kuua. Samaki aliyelowekwa kwenye ndimu anageuka mweupe kama aliyepikwa, lakini ndimu haiui minyoo, kinachoiua ni moto au kugandishwa sawasawa. Na samaki wakubwa wa miamba ya bahari za joto, kama mzia na chewa wakubwa, katika baadhi ya maeneo wanakuwa na sumu inayotoka kwenye vijimea vidogo sana vya miambani ambayo haitoki kwa kupika wala haina harufu. Wenyeji wakisema hapa hatumli yule mkubwa, nawe usimle.

*Angalizo la mzio:* Usiseme "sipendi kamba". Sema "nina mzio wa kamba na kaa, naweza kulazwa". Afu uliza mafuta ya kukaangia na wavu wa kuchomea, maana chipsi zako zinaweza kukaangwa mafuta yale yale yaliyokaangia kamba.

Hatua ya 7: Kuagiza

Samaki mzima wa kuchoma anachukua muda, nusu saa hadi zaidi ya hapo, kwa hiyo ukimuagiza agiza na kitu cha kutafuna. Sema unatakaje: achomwe au apakwe mchuzi, pilipili iwe ndani au pembeni. Ngisi na pweza usiseme "wapikwe sana", ngisi anapikwa dakika mbili tatu au anapikwa muda mrefu mpaka alainike, katikati ya hapo ni mpira wa tairi.

Maji: weita akiuliza "maji?" afu akarudi na chupa ya kioo iliyokwishafunguliwa, ujue umenunua. Uliza kwanza.

Hatua ya 8: Samaki mzima yuko mezani, sasa?

Vijiko, visu na uma vikiwa vingi anza na vya nje uje ndani. Sahani ndogo ya mkate ni ya kushoto kwako, glasi zako ni za kulia. Imeisha hiyo, twende kwa samaki.

Mlaze kichwa kushoto. Kwa ncha ya kisu chora mstari kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, katikati ya ubavu, kisu kiguse mfupa. Nyama ya juu ya mstari isukume kuelekea mgongoni, ya chini isukume kuelekea tumboni, itaachana yenyewe kama ameiva. Ikigoma na ikawa bado inang'aa kama kioo karibu na mfupa, hajaiva, mrudishe. Ukimaliza upande wa juu usimgeuze. Shika mkia, inua taratibu, uti wote wa mgongo unatoka na kichwa kikifuata, na chini imebaki minofu mizima inakusubiri. Miiba midogo iko karibu na mapezi na tumboni, hapo kula polepole. Mwiba ukiingia mdomoni utoe kwa vidole uweke ukingoni mwa sahani, hakuna njia ya kifahari zaidi ya hiyo.

Kaa na kambakochi wanaliwa kwa mikono, kile chuma kama koleo ni cha kuvunjia magando. Funika gando na kitambaa unapobana, vinginevyo mchuzi utaruka hadi kwenye shati la baba mkwe. Bakuli dogo lenye maji ya vuguvugu na kipande cha limau ni la kunawa vidole. Sio supu. Usicheke, namjua aliyeliongeza chumvi.

Hujisikii? Mwambie weita akutolee miiba pembeni. Wengi wanafanya kwa furaha na kwa ustadi kuliko wewe.

Hatua ya 9: Bili

Iombe mapema kidogo, huduma ya ufukweni haina haraka. Ikija isome yote, mstari kwa mstari: idadi ya vinywaji, uzito wa samaki, chaji ya huduma, kodi. Kama chaji ya huduma imo, bakshishi juu yake ni hiari yako, na ile nafasi tupu iliyoandikwa "bakshishi" chini ya jumla sio lazima uijaze. Piga mstari na uandike jumla mwenyewe.

Kusaini kwa namba ya chumba ni kukopa, sio kulipa. Watu wanasaini siku tano wanajisikia matajiri, asubuhi ya kuondoka wanakaa resepsheni saa nzima wanabishana. Chukua nakala ya kila karatasi, au piga picha.

Ukilipa kwa kadi ya nje na mashine ikuulize ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya nchi ulipo, chagua ya nchi ulipo. Ile nyingine inaonekana rafiki lakini wanakubadilishia pesa kwa kiwango chao.

Mambo yakienda kombo

*Chakula kimechelewa sana.* Usipige makofi wala kupiga miluzi. Muite, muulize oda imefika jikoni au la. Mara nyingi jibu lake uso wake utakuambia.

*Samaki ana harufu au hajaiva.* Sema ukiwa umekula matonge mawili, sio ukiwa umebakiza mifupa.

*Jodari anawasha mdomo kama pilipili na hakuna pilipili.* Acha hapo hapo. Alikaa joto kabla ya kupikwa na kemikali imejijenga, uso unaweza kuwa mwekundu na kichwa kikagonga. Waambie jikoni wasiwape wengine, na ukizidiwa mtafute daktari.

*Midomo inavimba, pumzi inabana.* Huo ni mzio mkali. Tumia sindano yako ya mzio kama unayo, gari la wagonjwa liitwe mara moja, usiende "kupumzika kidogo chumbani".

*Mwiba umekwama kooni.* Usimeze matonge makavu ya kuusukuma, yanaweza kuuzamisha zaidi. Kohoa, na kama bado unachoma nenda hospitali wautoe.

*Kwenye bili kuna usichoagiza.* Onyesha mstari wenyewe kwa kidole, uliza kwa upole, na kabla hajarekebisha usisaini. Akisema mfumo haumruhusu kufuta, omba meneja aje mezani, wewe baki umekaa.

*Mvua imeanza katikati ya chakula.* Beba glasi yako na simu yako, sahani waachie wao. Usikimbie kwenye sakafu ya mbao iliyolowa.

*Ndege wananyakua chipsi.* Usiwatupie hata kimoja, ukitupa kimoja wataitana. Funika sahani na kitambaa ukisimama, na kama mwenzio anataka kumlisha kwa mkono ili apige picha, sogeza sahani yako kwanza.

*Umesahau pochi chumbani.* Taja namba ya chumba, saini, kesho utalipa resepsheni. Kama hulali hapo, mwache mwenzio mezani na mwagizie kahawa.